Michoro, Mifugo na Mvua: Uhifadhi wa Malikale na Mabadiliko ya Riziki katika Vijiji vya Vilima vya Irangi, Kondoa, 1937–2018

1.0 Utangulizi

Mwaka 1979 yalitokea mambo mawili ambayo kwa kawaida husimuliwa katika taaluma mbili zisizokutana. La kwanza ni marekebisho ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, yaliyofanywa kwa Sheria Na. 22 ya mwaka 1979. La pili ni amri ya serikali ya kuondoa mifugo yote katika eneo la kilometa za mraba 1,256 wilayani Kondoa, eneo lililokuwa limekatwakatwa na makorongo kwa sababu ya mmomonyoko wa udongo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, wote walitakiwa kuondoka. Tukio la kwanza hutajwa na wanaakiolojia, tena kwa sentensi moja au mbili. La pili limeandikiwa tasnifu na ripoti nyingi za wataalamu wa ardhi, misitu na mazingira. Hata hivyo, mkulima wa vilima vya Irangi hakuishi katika taaluma mbili. Mwamba wenye michoro, korongo, zizi na shamba la uwele vilikuwa katika mazingira yake yaleyale, na mara nyingine vyote vilionekana kutoka mlangoni pake.

Makala hii inazisoma historia hizo mbili kwa pamoja. Hoja yake ni kwamba hifadhi ya michoro na hifadhi ya udongo, ingawa zilisimamiwa na idara tofauti na kwa sheria tofauti, zilijengwa juu ya dhana moja: kwamba matumizi ya wanakijiji ndiyo chanzo cha uharibifu, na kwamba dawa yake ni kumtenga mtumiaji na kile anachokitumia. Dhana hiyo ilibadilisha riziki za watu kwa namna ambazo hifadhi ya michoro yenyewe ilikuja kukabiliana nazo baadaye, bila kuzitambua kuwa ni zao la hifadhi. Aidha, Kondoa ilipoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, mojawapo ya sababu zilizotolewa ilikuwa ni matumizi yaleyale ambayo sheria ya nchi haikuwa na jina lake.

2.0 Nchi, watu na miamba

Vilima vya Irangi viko katikati ya Tanzania, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, mahali ambapo nyanda za juu zinateremka kuelekea mbuga ya Wamasai. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na haina uhakika. Eneo la Kondoa ni miongoni mwa sehemu chache barani Afrika ambapo lugha za jamii nne tofauti zimekaa bega kwa bega: Kirangi na Kigogo ambazo ni za Kibantu, Kiburunge na Kialagwa za Kikushi, Kimasai na Kidatooga za Kinailoti, na Kisandawe chenye sauti za midoko. Ukaribu huo si jambo la pembeni katika historia ya michoro, kwa kuwa unaonesha ni mara ngapi wageni walifika, wakajifunza kutoka kwa wenyeji, wakawa wenyeji wao wenyewe.

Michoro imo kwenye kuta za miamba iliyoinama, si ndani ya mapango yenye giza, ingawa Kiswahili cha ofisini na cha mitaani huiita yote "mapango". Neno hilo limezoeleka kiasi kwamba makala hii inalitumia pia. Kwa ujumla wataalamu hutofautisha makundi mawili. Michoro myekundu, yenye mistari myembamba, inaonesha wanyama kama pofu, twiga na tembo, pamoja na watu warefu wenye viungo vyembamba na nywele au mapambo makubwa kichwani. Hiyo huhusishwa na jamii zilizoishi kwa kuwinda na kukusanya. Michoro myeupe, yenye rangi nzito iliyopakwa kwa kidole, huhusishwa na wakulima waliofika baadaye, na mara nyingi imewekwa juu ya ile myekundu. Miamba ya Pahi inaonesha jambo hili waziwazi. Kwa mintarafu hii, ukuta wa Pahi ni kumbukumbu ya mabadiliko ya riziki kabla ya kuwepo kwa idara yoyote ya mambo ya kale: mkulima alikuta picha za mwindaji, akaongeza zake juu yake. Kwa vipimo vya sheria ya leo, angeshtakiwa.

Katika karne ya 19 Kondoa ilikuwa kituo cha misafara. Wafanyabiashara kutoka pwani walipita na wengine wakakaa, mji ukakua, Uislamu ukaenea, na wakulima wa vilimani wakapata soko la nafaka. Utawala wa Wajerumani uliifanya Kondoa-Irangi kuwa kituo chake, na mwezi Mei mwaka 1916 majeshi ya van Deventer na von Lettow-Vorbeck yalipigana hapo. Vita hivyo vimeacha alama katika historia ya michoro kwa njia isiyotarajiwa. Imani kwamba Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma walifukia mali ardhini imeenea katika sehemu nyingi za Tanzania, na huko Kondoa imewafanya watafutaji wa mali hiyo kuchimba sakafu za baadhi ya mapango. Tabaka za udongo zilizotunza ushahidi wa maelfu ya miaka huvurugwa kwa usiku mmoja.

3.0 Sheria na mwaka 1863

Habari za michoro ya Kondoa zilianza kuandikwa na Wazungu mwanzoni mwa karne ya 20. Ludwig Kohl-Larsen alifanya kazi katika eneo la kati la Tanganyika katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Mary Leakey alitumia miezi kadhaa akinakili michoro ya Kondoa. Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa kama kitabu mwaka 1983, na jina la kitabu hicho linaitaja kuwa ni sanaa inayotoweka. Mwaka 1956 Ray Inskeep alichimba pango la Kisese II. Baadaye Fidelis Masao aliiweka michoro ya Kondoa na Singida katika muktadha wa Zama za Mawe za mwisho, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979.

Wazo la kutoweka ndilo lililoongoza sheria. Sheria ya kikoloni ya mwaka 1937 ya kuhifadhi majengo na kumbukumbu za kale iliweka msingi, na baada ya uhuru ikafuatwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Sheria hii iliweka mpaka wa wakati: kitu kilichotengenezwa, kuchorwa au kuchongwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 ni mali ya kale inayolindwa kwa nguvu ya sheria yenyewe. Mpaka huo uliwekwa takriban miaka mia moja nyuma ya sheria, kama mtu anavyopima kitambaa kwa mkono wake mwenyewe. Michoro mingi iliingia ndani ya mpaka bila shida. Vitu vingine vingi vya mahali palepale havikuingia: njia ya kupandia mwambani, mti ambao wazee hukutana chini yake, mtungi wa pombe ya tambiko, na maarifa ya nani ana haki ya kutangulia na nani afuate. Hivi vyote havina mwaka wa kutengenezwa. Vinafanywa upya kila vinapotumika.

Emmanuel Bwasiri, katika makala yake ya mwaka 2011 kuhusu urithi usioshikika, amelionesha tatizo hili la kisheria kwa kutumia Kondoa kama mfano. Hoja yake ni sahihi, lakini inaweza kusukumwa mbele zaidi. Tatizo halikuwa tu kwamba sheria ilisahau matambiko. Sheria iliyapa matambiko nafasi, nayo ni nafasi ya kosa. Kumwaga pombe juu ya mchoro, kuwasha moto chini yake au kukwaruza ukuta ni kuharibu mali ya kale, na sheria haikuuliza anayefanya hivyo ni mtalii mwenye kalamu ya kuandikia jina lake au ni mzee aliyetumwa na kijiji kizima. Mbele ya baadhi ya miamba vilijengwa vizimba vya waya ili kuwazuia watu. Vizimba hivyo havikudumu. Waya na mbao zake zilichukuliwa na kutumiwa majumbani. Katika kumbukumbu za uhifadhi jambo hili huandikwa kama uhalifu mdogo wa vijijini. Likisomwa kwa upande wa pili, ni jibu la wazi la watu ambao hawakuulizwa kabla ya uzio kujengwa, na ambao walikuwa na shida ya waya.

4.0 Udongo

Historia ya pili ni ndefu zaidi na ilimgusa kila mtu, hata yule ambaye hajawahi kupanda hadi kwenye mwamba wenye michoro. Makorongo ya Kondoa yaliwashtua maofisa wa kikoloni tangu miaka ya 1930. Hatua zilizofuata zilikuwa zilezile zilizotumika katika sehemu nyingine za Tanganyika: matuta ya kuzuia maji, kufunga vilima, kupunguza mifugo, na kufyeka vichaka vyenye mbung'o ili watu wahamie tambarare. Kazi hizo zilifanywa kwa amri, na uhuru ulipopatikana mwaka 1961 amri hizo zilipoteza nguvu. Ikumbukwe kwamba wanakijiji hawakukosa maelezo yao wenyewe. Wilhelm Östberg, aliyeishi na kufanya utafiti miongoni mwa Waburunge, ameandika kwamba wenyeji walieleza kuonekana kwa mawe na tabaka ngumu kama nchi inayopanda juu, wakati mtaalamu aliona udongo unaoteremka chini. Wote wawili walikuwa wanautazama ukingo uleule wa korongo.

Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO, chini ya idara ya misitu na kwa ufadhili wa Sweden. Wakati huo Mkoa wa Dodoma ulikuwa umeshaanza kupitia operesheni ya kuhamisha watu katika vijiji, iliyoanza mwaka 1971. Idris Kikula, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu sera ya vijiji na mazingira, ameonesha jinsi makazi yaliyokusanywa yalivyoongeza mzigo juu ya ardhi iliyo karibu na makazi hayo. Kwa hiyo mradi wa udongo uliingia katika nchi ambayo sera nyingine ya serikali hiyohiyo ilikuwa imetoka kuipanga upya. Miaka ya kwanza mradi ulijenga matuta kwa mashine na kupanda miti, lakini mifugo ilipita juu ya kazi hiyo. Ndipo ikaja amri ya mwaka 1979.

Kama tathmini ni ya udongo peke yake, amri ile ilifaulu, na haifai kulipunguza hilo. Nyasi na vichaka vilirudi kwenye miteremko iliyokuwa wazi. Makorongo yalituliza kingo zake, na mchanga uliojaa mabondeni ukawa mashamba mapya yanayoshika unyevu, yakapandwa viazi vitamu, miwa na migomba. Mtu aliyeijua Kondoa mwaka 1970 angeshangaa kuiona miaka 15 baadaye. Wageni wengi waliletwa kuangalia, na mradi ukawa mfano katika mijadala ya kimataifa kuhusu ardhi kame.

Lakini ng'ombe wa Kirangi hakuwa nyama iliyosimama tu. Alikuwa samadi kwa shamba lililochoka, maziwa kwa watoto, mahari, na njia ya kuunganisha jamaa waliokaa mbali, kwa kuwa mifugo ilikopeshwa na kutunzwa katika maboma ya wengine. Zaidi ya yote alikuwa akiba ya mwaka wa njaa. Familia ambayo uwele wake umekauka shambani iliweza kuuza dume ikanunua nafaka. Claude Mung'ong'o, katika tasnifu yake ya mwaka 1995 kuhusu michakato ya kijamii na ikolojia ya vilima vya Irangi, ameeleza jinsi kaya zilivyojipanga upya. Baadhi walipeleka mifugo kwa jamaa nje ya eneo lililofungwa. Wengine walihama nayo, kuelekea Babati na Kiteto, wakapata ardhi huko na migogoro yake. Waliobaki walitegemea jembe zaidi kuliko walivyowahi kulitegemea. Waliokuwa na ng'ombe wengi waliweza kuhama au kutuma vijana; waliokuwa na wawili au watatu waliuza kwa bei ya mtu anayelazimishwa kuuza. Mwaka 1989 uliletwa mpango wa ng'ombe wa maziwa wanaofugwa zizini na kulishwa majani ya kukatwa. Mpango huo uliwasaidia waliokuwa na mtaji na nguvu kazi ya kutosha, hasa mikono ya wanawake na watoto ya kukata majani na kuteka maji.

Katika maandishi kuhusu HADO ni nadra kukuta neno juu ya michoro, na katika maandishi kuhusu michoro ni nadra kukuta neno juu ya HADO zaidi ya kutaja kwamba misitu ilirudi. Hapa ndipo penye pengo ambalo makala hii inalitazama. Katika nchi yenye mvua ya msimu mmoja, kuondoa akiba ya njaa ni kuongeza thamani ya mvua. Kaya iliyokuwa na njia mbili za kuupita mwaka mbaya ilibakiwa na moja, na hiyo moja ilitegemea mawingu ya Desemba. Kwa hiyo amri ya mwaka 1979, ambayo haikuwa na neno lolote juu ya imani, ilimsukuma mkulima kuelekea palepale ambapo sheria ya mambo ya kale ilitaka asifike: mahali pa kuombea mvua.

5.0 Mungumi wa Kolo

Mahali hapo panajulikana zaidi kwa jina la Mungumi wa Kolo. Ni mwamba ulio juu ya mteremko mkali, unaotazama bonde kubwa upande wa mashariki, na kuta zake zina baadhi ya michoro maarufu kuliko yote ya Kondoa. Ndipo pia wenyeji wanapofanya matambiko ya kuomba mvua, kuponya na kupiga ramli. Hutolewa mbuzi, hupelekwa pombe ya nafaka, na pombe hiyo hunyunyizwa au kumwagwa, wakati mwingine juu ya ukuta wenye picha. Warangi wengi ni Waislamu, na wapo Wakristo pia, hasa Wakatoliki wa upande wa Haubi. Kuwepo kwa dini hizo hakujaondoa tambiko. Mgeni anayedhani kwamba mtu huchagua moja na kuiacha nyingine atapata taabu kuielewa Kolo.

Kwa mhifadhi, tatizo ni la kikemia na liko wazi. Pombe huacha utando juu ya rangi, hushika vumbi, na hufifisha picha ambayo haiwezi kuchorwa tena. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa kwa kusema tu kwamba mila ni mila. Lakini kwa wanaotambika, ukuta usioguswa hauna kazi. Picha zile hazikuchorwa na mababu zao, na wapo wanaolifahamu hilo vizuri. Nguvu ya mahali ndiyo waliyoirithi, kama vile wachoraji wa rangi nyeupe walivyoirithi kutoka kwa wachoraji wa rangi nyekundu. Kati ya Wasandawe, ambao riziki yao ya zamani ya kuwinda, kukusanya na kurina asali inakaribiana zaidi na ulimwengu wa michoro myekundu, baadhi ya watafiti wamehusisha picha na ngoma ya simbo. Uhusiano huo unajadiliwa. Usiojadiliwa ni kwamba hakuna jamii ya Kondoa iliyoitazama miamba hii kama makumbusho kabla ya serikali kuiita hivyo.

Hebu itazamwe sasa amri ya mifugo kutoka Mungumi. Ilikataza mbuzi ndani ya eneo lililofungwa. Haikumtofautisha mbuzi wa kuchungwa na mbuzi wa tambiko, na hakukuwa na sababu ya kiutawala ya kumtofautisha. Kwa upande wa pombe, mabadiliko ya kilimo yalifanya kazi yake polepole zaidi. Mahindi yalizidi kuchukua nafasi ya uwele na mtama mezani, na alizeti ikawa zao la fedha. Nafaka ya tambiko ikawa kitu cha kutafutwa kwa makusudi, wakati zamani ilitoka ghalani. Tambiko lililokuwa sehemu ya riziki ya kawaida likageuka kuwa shughuli inayohitaji maandalizi maalumu, gharama, na mara nyingine usiri. Usiri huo ndio uliomfanya mhifadhi aone kwamba anashughulika na wavunjaji sheria.

6.0 Orodha ya mwaka 2006 na riziki mpya

Tanzania iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia mwaka 1977. Michoro ya Miambani ya Kondoa iliingizwa katika Orodha na Kamati ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, katika kikao kilichofanyika Vilnius, ikiwa na eneo la kilometa za mraba 2,336 na mapango yasiyopungua 150. Vigezo viwili vilitumika. Kigezo cha tatu kinahusu ushahidi wa michoro yenyewe, pamoja na mabadiliko ya jamii kutoka uwindaji hadi kilimo na ufugaji. Kigezo cha sita kinahusu mila hai: matambiko ya mvua, uponyaji na ramli yanayoendelea katika baadhi ya mapango.

Uzito wa kigezo cha sita haujapewa nafasi yake katika maandishi ya Kiswahili. Maana yake ni kwamba mwamba ambao pombe imekoma kumwagwa umepoteza sehemu ya sifa iliyoufanya kuwa urithi wa dunia, na mwamba ambao pombe inamwagwa bila mpaka unapoteza sehemu nyingine ya sifa hiyohiyo. Dola ilikubali wajibu wa kulinda vyote viwili, huku ikiwa na sheria inayokijua kimoja. Sera ya Malikale ya mwaka 2008 ilisogea mbele kwa kuzungumzia ushiriki wa jamii na urithi usioshikika, na mwaka 2011 nchi iliridhia Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi huo. Sera na mkataba, hata hivyo, havimpi mtumishi wa kituo cha Kolo kifungu cha kusimamia siku wazee wanapofika.

Wakati huohuo riziki ziliendelea kubadilika. Baada ya ufadhili wa Sweden kwisha katikati ya miaka ya 1990, marufuku ya mifugo ilianza kulegea na ng'ombe wakarudi, kwanza usiku, kisha mchana. Miti iliyoota chini ya ulinzi wa HADO ikawa mali: nguzo, kuni, mkaa, na kuni za kuchomea matofali. Misitu ya hifadhi ya Salanga na Isabe, katika vilima vya Kolo, iliingizwa katika majaribio ya kupunguza hewa ukaa yaliyofadhiliwa na Norway, na vijiji jirani vikajikuta vinajifunza lugha ya tatu ya hifadhi, baada ya ile ya udongo na ile ya michoro. Kila lugha ilikuja na kamati yake, sheria ndogo zake na posho zake, na mara nyingi watu walewale walikaa katika kamati zote.

Utalii haujawa riziki kubwa. Mgeni hujiandikisha katika ofisi ya Kolo, hulipa kiingilio cha serikali, hupewa mwongozaji, kisha hupanda kwa miguu sehemu ya mwisho ya njia. Anayekwenda Ngorongoro au Serengeti mara nyingi haoni sababu ya kuongeza siku. Mwaka 2018 ilizinduliwa barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati, inayopita Kondoa na Kolo, na ambayo ni sehemu ya njia kuu ya kihistoria kati ya Cape Town na Cairo. Barabara hiyo ilifupisha safari iliyokuwa ikichukua siku nzima wakati wa masika. Kwa wakulima ilikuwa na maana ya haraka: alizeti, mbaazi na vitunguu vilipata magari, na vijana walipata usafiri wa kwenda Dodoma, ambako serikali ilikuwa inahamia. Kwa michoro, ilileta wageni kwa urahisi zaidi, na kwa urahisi uleule ilifungua soko la mkaa la mji unaokua. Hayo mawili yanapita katika lami moja, na hakuna idara iliyo na mamlaka juu ya yote mawili.

Katika hali hiyo, jambo ambalo bado linaamuliwa siku hadi siku pale Kolo ni dogo na gumu. Mwaka ambao mvua ya Desemba imekawia, wazee hufika na mbuzi na mtungi. Wapo watumishi wanaoweza kuwaomba wamwage pombe chini, mbali na ukuta, na wazee wanaweza kukubali kwa kuwa mtumishi huyo ni mtu wanayemfahamu na watoto wake wanasoma na wajukuu wao. Mapatano ya aina hiyo hayana kifungu cha sheria, hayamo katika mpango wa usimamizi, na hayamfungi mtumishi atakayefuata. Mtumishi anapohamishwa, yeye huondoka nayo, na wazee huanza upya na mtu mwingine mwenye nakala ya sheria inayohesabu kuanzia mwaka 1863.